UZI: Korona inapanda na Krismasi imefika. Hoja tunazorushiana, na jinsi ya kuzipima

1. Wadau, tangu wiki jana kila mjadala wa siasa huku mtandaoni unaishia kwa korona. Mmoja anataka nchi ifungwe leo usiku. Mwingine anasema hii yote ni njama ya kutuharibia Krismasi na kampeni. Mimi nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na nimeona tunatupiana maneno ambayo hakuna mtu anasimama kuyafafanua. Uzi huu ni wa kufafanua. Ni mrefu, kaa chini.

2. Kanuni ni zile zile za nyuzi zangu zingine. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukimtaja wewe kwenye majibu, hiyo ni juu yako. Nachukua hoja moja moja, naangalia sheria inasema nini na ilikuwaje mara ya mwisho tulipoijaribu. Halafu mwisho tuongee mambo ya kwenda ushago, maana najua wengi hilo ndilo mnangojea.

3. Kwanza, tuko wapi leo Jumatatu, tarehe 20 Desemba 2021? Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba, baada ya karibu miezi 19. Tarehe 24 Novemba Afrika Kusini iliripoti aina mpya ya virusi kwa Shirika la Afya Duniani, na siku mbili baadaye ikapewa jina Omicron. Katikati ya mwezi huu ikathibitishwa hapa kwetu.

4. Mwanzoni mwa Desemba kiwango cha maambukizi kilikuwa chini ya asilimia 5. Sasa kimepita 10 na bado kinapanda. Tangu Machi 2020 tumepoteza watu zaidi ya 5,300 kwa ugonjwa huu, na hao ni wale walioandikwa kwenye rekodi. Kwa hivyo hatubishani kuhusu jambo la kubuni.

5. HOJA YA KWANZA: “Kiwango kimepanda kwa sababu wanapima watu wengi.”
Tulia tufanye hesabu. Kiwango ni idadi ya waliopatikana na virusi kati ya kila watu 100 waliopimwa. Ukipima watu 100 ukapata 10, hiyo ni asilimia 10. Ukipima 1,000 na hali iko vile vile, utapata kama 100, na bado ni asilimia 10. Kupima wengi kunaongeza idadi. Hakuongezi asilimia.

6. Lakini hata wale wanaotumia asilimia kututisha wanafaa kuulizwa: ni nani aliyepimwa? Siku maabara imejaa wasafiri wazima wanaotafuta cheti cha kupanda ndege, asilimia inashuka. Siku waliokuja ni watu wanaokohoa tayari, inapanda. Kwa hivyo usibebwe na takwimu ya siku moja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema ukae chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili mfululizo ndiyo useme umeanza kudhibiti. Wiki mbili, si Jumanne peke yake.

7. Na kuna takwimu ambayo hakuna mtu anaisambaza. Ile taarifa ya kila siku ya Wizara ya Afya, ukiteremka hadi aya za chini, inasema ni wangapi wamelazwa, wangapi wako ICU na wangapi wanasaidiwa na oksijeni. Hizo ndizo namba zinazokuambia kama hospitali itakuwa na nafasi mtu wako akizidiwa usiku wa Krismasi. Kiwango kinatangulia, vitanda vinafuata baada ya wiki kadhaa. Ukingoja vitanda vijae ndiyo uamke, umechelewa.

8. HOJA YA PILI: “Wafunge kaunti sasa hivi.”
Hii tumewahi kuifanya, tena karibu na sikukuu. Januari 2021 kiwango kilikuwa kama asilimia 2. Machi kikafika 22. Ijumaa tarehe 26 Machi, siku tisa kabla ya Pasaka, ikatangazwa kwamba Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zimefungwa. Usafiri wa kuingia na kutoka ukasimamishwa, kafyu ikaanza saa mbili usiku, baa zikafungwa, na ibada za watu kukutana zikasitishwa. Ilikaa hivyo hadi tarehe 1 Mei.

9. Je, ilisaidia? Maambukizi yalishuka, ukweli usemwe. Lakini angalia tarehe. Kutoka asilimia 2 hadi 22 si jambo la usiku mmoja. Kulikuwa na wiki nyingi za kuchukua hatua ndogo: kuhamisha mikutano, kusukuma vipimo, kuweka hewa kwenye madarasa na magari. Hatua ndogo zisipochukuliwa mapema, inabaki ile kubwa pekee, na hiyo ndiyo inayomkuta mhudumu wa hoteli akiwa kazini Ijumaa na bila kazi Jumamosi.

10. Kuna shida nyingine ya kufunga wakati wa sikukuu. Ukitoa notisi ya siku tatu, nusu ya Nairobi inakimbilia steji kabla muda haujaisha, na virusi vinapanda gari pamoja nao. Usipotoa notisi, watu wanakwama: mama yuko Naivasha, watoto wako Kisii. Hakuna njia safi hapo. Ndiyo maana swali la “tufunge ama tusifunge” likiulizwa tarehe 20 Desemba tayari limechelewa. Lilifaa kuulizwa kwa lugha nyingine mwezi wa kumi na moja.

11. Na mwezi wa kumi na moja wa mwaka jana liliulizwa. Kiwango kilikuwa kimetoka asilimia 4 Septemba hadi wastani wa 16 Oktoba. Tarehe 4 Novemba 2020 mikutano ya siasa ikapigwa marufuku kwa siku 60 na kafyu ikarudishwa kutoka saa tano usiku hadi saa nne, mpaka tarehe 3 Januari. Mlioishi hapa mnakumbuka kilichofuata. Kafyu ilitekelezwa kwa mwenye kibanda. Mikutano iliendelea.

12. HOJA YA TATU: “Kunizuia kusafiri ni kuvunja Katiba.”
Nusu ukweli. Kifungu cha 39 kinakupa uhuru wa kwenda utakako. Cha 37 kinakupa uhuru wa kukusanyika. Lakini Kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka, kwa sharti kwamba mipaka hiyo iwe kwa sheria, iwe ya busara, na isiwe imezidi kiasi wakati kuna njia nyepesi ya kufikia lengo lile lile. Haki ambazo haziguswi kabisa ziko Kifungu cha 25, na ni chache: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na kufikishwa mbele ya mahakama ukizuiliwa. Safari ya Krismasi haimo.

13. Kwa hivyo swali si “wanaruhusiwa kunizuia?” Swali ni “kwa sheria gani, kwa muda gani, na kuna njia nyepesi zaidi?” Kafyu yetu ilisimama juu ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Kanuni za barakoa na za kufunga kaunti zilitoka kwenye Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kenya haikutangaza hali ya hatari ya Kifungu cha 58.

14. Hiyo ina maana gani? Hali ya hatari ikitangazwa inaisha baada ya siku 14, labda Bunge lipige kura kuirefusha. Sisi tulikaa karibu miezi 19 kwa kafyu iliyorefushwa kwa amri baada ya amri, bila wabunge wetu kulazimika kusimama na kuipigia kura hata siku moja. Kanuni za mawaziri zinafaa kuwasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na Bunge lina uwezo wa kuzifuta. Kwa hivyo mbunge akikuambia “mimi sikuhusika,” muulize kwa nini hakuhusika.

15. Aprili 2020 Mahakama Kuu ilisikiza kesi ya kafyu. Ilisema kafyu yenyewe ni halali. Ikasema pia kwamba nguvu polisi waliyotumia kuitekeleza ilikuwa kinyume cha Katiba. Hadi mwanzoni mwa Juni 2020, IPOA, ile mamlaka inayochunguza polisi, ilikuwa imepokea ripoti za watu 15 waliouawa katika utekelezaji huo. Shikilia mambo yote mawili kwa pamoja. Mtu akitaja la kwanza pekee, anataka usahau la pili, na kinyume chake.

16. HOJA YA NNE: “Mahakama imesema chanjo si lazima, kwa hivyo achana nayo.”
Kesho tarehe 21 ndiyo ilikuwa siku ambayo mtu asiyechanjwa angeanza kunyimwa huduma za serikali ana kwa ana. Amri hiyo ilitangazwa Novemba. Jumanne iliyopita, tarehe 14, Mahakama Kuu iliisimamisha kesi isikizwe kwanza. Kusimamisha si kufuta. Na hakuna mahali jaji alisema chanjo ni mbaya. Swali lililo mbele ya mahakama ni kama serikali inaweza kumnyima mtu huduma kwa njia hii, katika muda huu, kwa sheria iliyopo.

17. Na hapo mimi nina maoni. Hadi sasa waliokamilisha chanjo ni chini ya watu wazima wawili kati ya kumi. Ukisema asiyechanjwa asihudumiwe, umewafungia mlango wengi kuliko uliowafungulia. Mzee wa Turkana anayetembea nusu siku kufika zahanati hajakataa chanjo. Chanjo ndiyo haijamfikia.

18. HOJA YA TANO: “Shida ni Wakenya, hawataki chanjo.”
Angalia kalenda tena. Dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, zilifika Machi 2021 kupitia mpango wa COVAX. Watu wazima wa nchi hii ni takribani milioni 27. Muda mfupi baadaye India, ambako dozi hizo zilitengenezwa, ikazuia kuuza nje kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wanafurika. Waliodungwa ya kwanza wakangoja ya pili hadi muda ukasogezwa mbele. Kuna walimu na wauguzi waliokuwa wakipiga simu kuuliza ya pili iko wapi. Hao ndio “hawataki”?

19. Chanjo zingine zilianza kuingia kwa wingi kuanzia Agosti na Septemba: Moderna, Pfizer, Johnson & Johnson, Sinopharm. Lengo la serikali likawa watu wazima milioni 10 kufikia mwisho wa Desemba. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mwaka huu tatizo lilikuwa bidhaa. Sasa bidhaa ipo, na tatizo limehama: umbali, foleni, na uvumi.

20. Uvumi upo, sikatai. Nimeambiwa na mtu mzima, msomi, kwamba ukidungwa unakufa baada ya miaka miwili. Lakini hata mama mboga ambaye haamini uvumi ana hesabu yake. Akifunga kibanda siku ya kupanga foleni, hajauza. Akiumwa mkono na homa kesho yake, hajauza tena. Ukitaka achanjwe kabla ya Krismasi, peleka chanjo sokoni saa kumi na moja jioni. Kumtukana huku mtandaoni hakumsogezi hatua moja.

21. HOJA YA SITA: “Uchumi kwanza. Njaa itatuua kabla ya korona.”
Hii ni hoja nzito na wenye mishahara waache kuidharau. Desemba ndiyo mavuno ya mfanyabiashara mdogo. Fundi cherehani, kinyozi, muuza kuku, boda wa steji ya kijijini, wote wanahesabu wiki hizi mbili kulipa karo ya Januari. Ukimwambia asimamishe, mwambie pia atakula nini.

22. Lakini chunguza nani anaisema na kwa faida ya nani. Kumbuka matatu. Ili kupunguza msongamano, gari la abiria 14 liliambiwa libebe 8. Nauli ikapanda sehemu nyingi. Mwenye gari alilalamika, serikali ikanyamaza, na abiria akalipa. Agosti 2021 magari yakaruhusiwa kujaa tena. Nauli yako ilirudi pale ilipokuwa? Yangu haikurudi.

23. Upande wa pili, kuacha kila kitu wazi nako kuna bei yake, ila haionekani kwenye ripoti za uchumi. Inaonekana kwenye kundi la WhatsApp lenye jina “Bili ya Mzee.” Inaonekana binamu akiuza ng'ombe. Siku moja ya ICU kwenye hospitali ya kibinafsi inaweza kumeza faida ya Desemba nzima ya yule yule mfanyabiashara tuliyesema tunamlinda.

24. Hapa ndipo ningetaka uzi mzima usimame. Hatua ikichelewa, gharama haipotei. Inahamishwa tu. Inatoka kwa aliyekuwa na uwezo wa kuamua mapema, inaenda kwa asiyeweza kuamua chochote: abiria, kibarua, muuguzi, nyanya kijijini. Kila hoja ukiipima kwa swali hilo, “nani analipa, na alishauriwa?”, utaona mara moja ipi imekomaa na ipi ni kelele.

25. Na pesa ambazo zingepunguza mzigo huo? Mwaka 2020 ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ulihoji ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa kupitia KEMSA. Kwa hivyo mtu akikuambia “hakuna pesa za kusaidia wenye vibanda,” una haki ya kuuliza zilizokuwepo zilienda wapi. Hiyo si siasa chafu. Ni kusoma ripoti.

26. HOJA YA SABA: “Afya imegatuliwa, muulizeni gavana.”
Jedwali la Nne la Katiba linagawa hivi: sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ziko Nairobi, vituo vya afya na zahanati ziko kaunti. Kwa hivyo gavana anahusika, ndiyo. Lakini amri za kufunga na kufungua, ununuzi wa chanjo na sera ya upimaji vinatoka juu. Kiongozi yeyote, wa juu ama wa kaunti, akikuelekeza kwa mwenzake, jua amesoma nusu ya Jedwali.

27. Kwa nini hii ni muhimu Desemba hasa? Kwa sababu Desemba watu wanatoka penye hospitali wanaenda pasipo na hospitali. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipata kwamba ni kaunti 22 pekee kati ya 47 zilizokuwa na angalau kitengo kimoja cha ICU. Baadaye vitanda viliongezwa, na kila kaunti iliagizwa kuwa na angalau vitanda 300 vya kutenga wagonjwa. Lakini kitanda bila oksijeni na bila muuguzi ni fanicha.

28. Na wauguzi wana kumbukumbu. Desemba 2020 wao na maafisa wa kliniki waligoma kuanzia tarehe 7, madaktari wakafuata tarehe 21. Kati ya madai yao: vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu, na watu zaidi wa kufanya kazi. Walikuwa wanazika wenzao. Kwa hivyo mwanasiasa akiwaita “mashujaa wetu” wiki hii, muulize kuhusu bima yao.

29. HOJA YA NANE: “Mbona wao wanafanya mikutano? Mimi siendi kuvaa barakoa.”
Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi na naielewa kabisa. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000 ama kifungo cha hadi miezi sita kwa asiyevaa barakoa hadharani. Aliyeshikwa ni kijana wa boda. Aliyesimama juu ya gari mbele ya umati, barakoa ikiwa kidevuni, alipewa maikrofoni. Kanisa linaambiwa thuluthi mbili. Uwanja haupimwi.

30. Na uchaguzi ni Agosti 2022, kwa hivyo msitarajie wapunguze. Lakini tutenganishe mambo mawili. Unafiki wa mwanasiasa unakuambia kitu kuhusu mwanasiasa. Haukuambii kitu kuhusu virusi. Unaweza kuwa sababu nzuri sana ya kumnyima kura. Hauwezi kuwa sababu ya kumkoholea nyanya yako.

31. SASA, USHAGO.
Shule zinafungwa tarehe 23 na kufunguliwa tarehe 3 Januari. Hiyo inamaanisha familia nyingi zitasafiri ndani ya siku mbili hizo hizo, magari yamejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu mtoto anaumwa na baridi. Mtu anaweza kuambukiza siku moja ama mbili kabla hajaanza kuona dalili. Kwa hivyo “sina homa” si kibali. Na ushauri wa “pimwa kabla ya kusafiri” ni mzuri, ila kipimo cha hospitali ya kibinafsi ni maelfu ya shilingi. Kwa familia ya watu watano hiyo ni nauli ya kwenda, kurudi na kuku juu.

32. Sisi nyumbani tumebishana wiki nzima. Nyanya yangu yuko Vihiga, ana miaka 78 na ana sukari. Mjomba alisema tusiende, tutume pesa tu kama mwaka jana. Shangazi akauliza tangu lini Krismasi ikawa ya kuogopana. Halafu mamangu akampigia shosho mwenyewe, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amefikiria. Akasema: “Mwaka jana mlinitumia unga na sukari. Unga ninao. Sukari ninayo ya kutosha kwa damu.”

33. Kwa hivyo hatukuishia “twende wote” wala “tusiende.” Tumeamua hivi. Tunaenda wanne badala ya kumi na tano, na wote wanne wamekamilisha chanjo. Tunasafiri kesho, kabla shule hazijafunga. Chakula kinaliwa nje chini ya mwembe, kila mtu na kiti chake. Hakuna kulala chumba kimoja na shosho. Mwenye mafua hata kidogo anashuka kwenye orodha bila mjadala na bila kununiwa. Nauli ya wale wanaobaki inamlipia shosho boda hadi kituo cha afya akapate dozi yake ya pili.

34. Familia yako itapanga tofauti na yetu, na ni sawa. Labda mgonjwa wenu yuko mjini na nyinyi mko kijijini. Labda hamna mwembe. Ninachosema ni kwamba kati ya “funga kila kitu” na “ishi kama kawaida” kuna maamuzi mengi madogo ambayo hayahitaji hotuba ya mtu yeyote: idadi, siku, dirisha, kiti, nani ameulizwa. Muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Mara nyingi tunamlinda bila kumshauri, tukifanya kwake kile kile tunacholalamikia serikali kutufanyia.

35. Lakini msimruhusu mtu atumie hilo kuponyoka. “Ni jukumu la kila mwananchi” ni sentensi ya kweli inayopendwa sana na watu waliokwepa jukumu lao. Mimi kufungua dirisha la matatu hakununui oksijeni ya hospitali ya kaunti. Wajibu wangu haufuti wao, na wao haufuti wangu.

36. Wanasiasa watakuja kijijini kwenu wiki hii. Watakuja kwa mazishi, kwa harambee, kwa ibada ya Krismasi. Wakimaliza kuhutubia, waulizeni haya:
— Hospitali yetu ya kaunti ina oksijeni ya kutosha siku ngapi, na wauguzi wa zamu ya usiku ni wangapi?
— Mkitaka kufunga, mtatangaza mapema kiasi gani, na mwenye kibanda atasaidiwa na nini?
— Kanuni zikija Bungeni utazisoma, ama utanyamaza tena?
— Na huu mkutano wako hapa, wewe umefuata kanuni gani?

37. Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji uwe wa upande fulani. Ukiona mtu anakasirika ukimuuliza idadi ya mitungi ya oksijeni, umeshapata jibu.

38. Mwisho, kitu cha kusaidiana. Kama unajua kituo kinachochanja kati ya tarehe 24 na tarehe 2 Januari kwenye kaunti yako, weka hapa chini jina la kituo na saa wanazofungua. Msiandike namba za simu za watu. Wengi tutakuwa ushago siku hizo, na kuna wazee hawajapata hata dozi ya kwanza. Safari njema, na mfungue madirisha.